Hapana Iliyokatwa

Bi Mwanakombo alizikwa Mtongwe mwezi uliopita, baada ya sala ya adhuhuri, na mimi na Tima tukakutana kwenye mkeka mmoja, katikati ya wanawake waliokuwa wakimsomea Yasini. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi. Mimi sisikii, kwa hiyo kisomo nilikijua kwa midomo na kwa mabega yaliyokuwa yakiyumba, na Tima, ambaye anasikia kila kitu, alipotaka kunisalimu alizungumza kwa mikono iliyolala mapajani, ishara ndogo ndogo, kama mtu anayenong'ona. Mjukuu wa marehemu alikuja na sinia la kahawa, akamuuliza Tima tulimjua vipi bibi yake. Nilisoma jibu kwenye midomo ya Tima: "Tulifanya kazi pamoja hapa Likoni, mwaka mmoja." Akanywa kahawa yake. Hakuongeza neno, na nikajua kwamba hakuongeza kwa ajili yangu. Yaliyobaki ya mwaka ule ni yangu kuyasema, na nimeyakalia vya kutosha.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Masikio yalikuwa yameondoka nikiwa na miaka tisa, kwa homa ya uti wa mgongo, kwa hivyo sauti ninayo na Kiswahili ninacho. Lugha ya ishara niliikuta shuleni, nikaipenda kama mtu anavyoipenda nyumba aliyohamia. Kazi yangu ilikuwa katika chumba kimoja nyuma ya duka la nafaka, si mbali na zahanati. Chumba kilinuka vumbi la maharagwe na magunia. Kulikuwa na meza moja, viti vinne vya plastiki, birika la umeme, na shuka la buluu lililopigiliwa ukutani kando ya dirisha. Muuguzi aliyekiongoza aliitwa Sista Nduku, mtu wa bara, mnene, mwenye tabia njema ya kunigeukia uso kila aliposema nami. Yeye ndiye aliyeliona tatizo mapema kuliko wengi. Ujumbe wa afya ulikuwa umeanza kumiminika kwenye simu za watu, kuhusu presha, kuhusu sukari, kuhusu siku za kliniki, lakini ulikuja kwa maandishi madogo au kwa sauti ya mtu anayesoma. Mzee asiyeona vizuri alimpa mjukuu amsomee. Kiziwi aliyesoma alijisomea. Lakini mzee kiziwi ambaye hakuwahi kuingia darasani, huyo simu ilitetemeka mfukoni mwake bure.

Bi Mwanakombo alikuwa wa namna hiyo. Alizaliwa hivyo, hakusoma, alikaanga viazi na bajia mbele ya nyumba yake, na alikuwa na sukari. Simu yake ilijaa ujumbe alioutazama kama mtu anavyotazama sisimizi. Kabla ya video kuanza, kazi yangu ilikuwa kwenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza watu kama yeye, mkono kwa mkono, na nyumba yake niliiweka ya mwisho kila siku kwa sababu ya chakula. Alinipakulia wali wa nazi na mchuzi wa papa, tukakaa kwenye baraza ya nyuma, na hatukuweza kula na kuongea kwa pamoja, kwa kuwa mkono wa kulia chakula ndio wa kusemea. Kwa hiyo tulikula, tukanawa, ndipo tukaongea. Ishara zake nyingi hazikuwa za shule. Nyingine alizitunga mwenyewe na dada zake utotoni, na nilijifunza moja moja. Baada ya miezi mitatu akanipa jina: kidole kikipita juu ya nyusi ya kushoto, penye kovu langu. Kwetu sisi jina la ishara hujipi, unapewa. Siku ile nilitembea kurudi nyumbani nikiigusa nyusi yangu njia nzima.

Kisha akaja Tima. Alitoka Kisauni, umri wangu, na wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi. Yeye alisikia. Nataka nieleze jambo hili sawasawa, maana ndilo lililonila. Msikiaji anayejifunza ishara ukubwani hunipa raha kumtazama, kwa sababu anakosea, na mimi namrekebisha. Tima hakuwa na cha kurekebishwa. Lugha ile aliinyonya kwa mama yake. Mikono yake ilipoinuka, nyusi, mabega na mashavu viliinuka pamoja nayo, na hadithi ya mtu kupoteza kadi ya kliniki ikawa tamthilia. Halafu simu ikilia, akaipokea. Mwuza duka akiita kutoka mbele, akajibu "Abee!" bila kugeuka. Mungu alimpa mikono kama yangu, tena bora kuliko yangu, akamwachia na masikio. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikiwaza: mwenzangu ana milango miwili, mimi mmoja, na leo amekuja kusimama kwenye mmoja wangu.

Wiki ile ile Sista Nduku akatangaza kwamba tutaanza kutengeneza video fupi za ishara, zitumwe kwenye kikundi cha simu cha wazee wetu, na kwamba Tima ndiye atakayekaa mbele ya shuka la buluu. Alinigeukia, akasema taratibu nisome vizuri: "Mejumaa, wewe utakuwa macho yetu. Mimi sijui ishara. Hakuna video itatoka hapa kama wewe hujasema iko sawa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Sista."

Alidhani amenipa cheo, na kwa kweli alinipa. Leo naona kwamba kazi ile ilikuwa nzito kuliko ya Tima. Lakini wakati ule niliona kitu kimoja tu, kwamba uso utakaoingia kwenye simu za watu wangu ni wa mtu anayesikia.

Nilimpeleka Tima kwa Bi Mwanakombo mwenyewe, kwa adabu, nikamtambulisha. Walianza kuongea, na baada ya muda sikuwa na nafasi ya kuingia. Bi Mwanakombo alicheka mpaka akashika mbavu. Tima alizijua zile ishara za kizamani, kwa sababu nyanya yake alikuwa na za mfano huo. Kabla hatujamaliza chai, Bi Mwanakombo alimtazama, akatikisa vidole viwili hewani kama mabawa, akasema hilo ndilo jina lake. Siku moja. Mimi miezi mitatu. Nilitabasamu, nikakusanya vikombe nikavipeleka uani, na nikaviosha mara mbili.

Watu hudhani kiziwi hasikilizi mazungumzo ya wengine. Tunasikiliza kwa macho, na dirisha kwetu halizuii kitu. Adhuhuri moja nilifika kwa Bi Mwanakombo nikaona kupitia nondo za dirisha kwamba Tima ameketi mahali pangu, juu ya kibao cha mbuzi, anakuna nazi, na Bi Mwanakombo anamwambia: "Mwanangu, usikune zaidi, hiyo inatosha." Ishara yake ya mwanangu ilikuwa kiganja kilichogusa kifua kisha kikashuka. Mimi hakuwahi kunitolea ile. Niligeuka nikaenda kununua mkate wa dukani na soda, nikala nimesimama. Na siku nyingine pale ofisini, Sista Nduku alisema jambo akiwa amenipa mgongo, Tima akacheka hadi machozi. Nikamuuliza kulikoni. Akafuta macho, akanijibu: "Si neno, utani tu, nitakwambia baadaye." Kila kiziwi anaijua ile baadaye. Haijawahi kufika. Tima, ambaye aliwaona wazazi wake wakiambiwa hivyo maisha yao yote, alikuwa wa mwisho niliyetarajia kuniambia, na nililiweka lile neno moyoni, nikalifunga kitambaani kama ushahidi.

Sasa niseme la video. Ilikuwa kuhusu tembe mpya za sukari, zile zinazoishusha, ambazo ukizimeza tumbo likiwa tupu zinaweza kukuangusha. Ujumbe wenyewe ulikuwa sentensi moja: usimeze dawa kabla hujala. Katika ishara zetu, kukataza mara nyingi huja mwisho. Tima aliweka picha kwanza: asubuhi, tumbo tupu, dawa, unameza. Akatulia kidogo. Ndipo kichwa na mkono vikakataa kwa pamoja: hapana. Ilikuwa ishara safi, na ingesomwa na mtu yeyote. Alirekodi siku ya Jumatatu, na Jumanne hakuja kwa kuwa mama yake aliugua. Sista Nduku akaikata video mwenyewe kwenye simu yake, iwe fupi, isiwamalize watu bando. Maandishi yaliyopita chini yalikuwa yameisha, Tima alikuwa ametulia, na kwa mtu asiyejua ishara kutulia kule kulikuwa mwisho wa maneno. Akakata hapo hapo. Kisha akanipa simu. "Angalia hii. Iko sawa?"

Nikaitazama. Asubuhi, tumbo tupu, dawa, unameza. Basi. Nikaitazama mara ya pili, na ya tatu, na simu ilikuwa na joto mkononi mwangu. Chini yake maandishi yalisema kweli neno kwa neno, na anayesoma asingepotea. Lakini video ile haikutengenezwa kwa anayesoma. Niliyajua hayo yote. Nikumbukavyo, wallahi, sikufikiria sukari, wala mtu kuanguka. Nilifikiria mkutano wetu wa Jumamosi, viziwi thelathini wakiangalia simu zao na kumwuliza Tima, "Hivi unatufundisha nini wewe?" Nilifikiria uso wake ukiwaka kwa haya mara moja tu, mbele ya watu wangu. Sista Nduku alikuwa akiningoja. Nikainua kidole gumba.

Jumamosi ile mkutano haukufanyika, kwa sababu ya mvua. Siku ya Jumapili, kwenye saa nne asubuhi, Bi Mwanakombo alianguka mbele ya karai lake. Alikuwa amemeza tembe zake kama alivyoamrishwa na Tima kwenye simu, hajatia kitu tumboni, akaanza kumenya viazi, akakoleza moto, akaanza kukaanga. Jirani aliyemwona alisema alisimama kidogo akijishika kichwa, akatota jasho, kisha akaenda chini, na mkono wake wa kulia ukaingia kwenye mafuta. Nilimkuta zahanati amelazwa, dripu mkono wa kushoto, na ule wa kulia umefungwa bandeji nyeupe hadi kiwiko. Alikuwa macho. Alitaka kuniambia jambo na hakuwa na cha kuniambia nacho. Aliunyanyua ule mkono uliofungwa, akautazama, akaushusha. Mtu mwingine akiungua mkono ameungua mkono. Yeye aliungua ulimi.

Siku ya tatu dripu ilipotolewa, alitueleza kwa mkono wa kushoto, polepole, akionyesha simu yake: yule msichana kasema, asubuhi, tumbo tupu, meza. Tulikuwa watu watatu karibu na kitanda. Tima aliichukua simu, akaitazama ile video kwa mara ya kwanza tangu aliporekodi. Nilimwona akifika mwisho. Alirudisha nyuma, akaangalia tena, akaweka mkono mdomoni. "Hapana haipo," akamwambia Sista, kwa sauti na kwa mikono, ili sote tupate. "Imekatwa."

Sista Nduku alibadilika rangi. Akanigeukia. "Mejumaa, hii si uliangalia?"

"Niliangalia," nikasema. "Sikuona."

Huo ndio uwongo wangu, neno moja. Tima akanitetea. Akasema kosa ni lake, kwamba kwa kuwa watakaotazama ni wazee alipaswa kuweka hapana mwanzoni na mwisho, asiiache ikining'inia pale. Sista akasema ni lake yeye aliyekata. Walilia wote wawili, wakigombania kosa ambalo lilikuwa mfukoni mwangu. Wiki hiyo Tima akaacha kazi. Alisema hawezi tena kuinua mikono mbele ya simu bila kuuona mkono ule kwenye mafuta.

Na mimi nikapata nilichokitaka. Nilikaa mbele ya shuka la buluu, nikapaka wanja, nikarekodi video za presha, za macho, za siku za kliniki. Uso wangu uliingia kwenye simu za wazee wa Mtongwe na Timbwani na Shika Adabu. Siku za kwanza nilijitazama kila jioni. Kisha ujumbe ukaanza kuja kwenye kikundi, video ndogo ndogo za watu jikoni na vibarazani mwao, nazo ziliuliza kitu kimoja: yule mwenye vidole vya mabawa yuko wapi? Nilikuwa nikidhani wivu unahitaji mtu aliye mbele yako. Nikagundua kwamba unaweza kumwonea wivu mtu aliyekwisha kuondoka, tena kwa sababu yako, na kwamba huo ndio mbaya zaidi, kwa kuwa hakuna tena cha kumnyang'anya.

Kila adhuhuri nilikwenda kwa Bi Mwanakombo. Nilimwoshea vyombo, nikampikia, nikambadilishia bandeji. Kidonda kilipopona, vidole viwili vilibaki vimejikunja, havinyooki. Alisema kwa vidole vilivyobaki, akawa kama mwenye kigugumizi, na kila mara alipokwama kwenye neno alinitazama nimsaidie. Alinishukuru kwa kila kitu. Mchana mmoja nikiwa nimemaliza kumpaka mafuta, aligusa kifua chake kisha kiganja kikashuka. Mwanangu. Lilipofika lile neno nililolililia mwaka mzima, sikuweza kulipokea. Nikamwambia. Nilimwambia yote, kwamba niliiona video, kwamba nilijua hapana haimo, kwamba nilisema iko sawa.

Alikuwa na ungo wa mchicha mapajani. "Ulijua?" akauliza.

"Nilijua."

Akageuza uso. Mtu akigombana na msikiaji anaweza kugeuka na bado akasikia unavyomwomba msamaha. Kiziwi akigeuza uso amefunga mlango na ufunguo ameondoka nao. Aliuchambua ule mchicha jani kwa jani, kwa mkono wa kushoto, akitazama ukuta, nami nikakaa pale pale hadi jua likafika kizingitini. Ungo ulipokwisha ndipo akanigeukia.

"Na yule, ameambiwa?"

"Hapana."

"Basi hujasema bado," akaniambia. Akainuka, akaingia ndani.

Kesho yake asubuhi nilivuka kwa kivuko, nikaenda Kisauni. Aliyenifungulia alikuwa baba yake Tima, mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma. Aliponiona naongea kwa mikono alifurahi, akanikaribisha sebuleni, akanimiminia maji ya ukwaju, akaniuliza habari za Likoni na za wazee wa huko mmoja mmoja. Nilikunywa, nikamjibu. Tima alitoka jikoni na unga mikononi. Sikungoja akae. Nilimwambia nikiwa nimesimama, na baba yake anaona, kwa sababu nilihofu kwamba nikisubiri faragha nitapunguza maneno.

"Uliona," alisema Tima. Akasema tena, "Uliona." Unga ulidondoka vidoleni mwake kila alipoirudia ile ishara, macho mawili na vidole viwili. Hakufungua mdomo. Kisha akamwonyesha baba yake, aliyekuwa ameshikilia jagi. "Huyu naye ana sukari. Alikuwa kwenye kikundi kile kile. Kilichomponya ni kwamba mimi humpa chai na mkate kabla hajafungua simu." Yule mzee aliliweka jagi chini. Hakunifukuza, lakini hakunisindikiza mlangoni.

Sista Nduku nilimwambia siku hiyo hiyo. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Nilikupa macho," akasema. "Sasa nikufanye nini?" Aliniondoa mbele ya shuka la buluu na aliniondoa kwenye ukaguzi. Hakuniondoa chumbani. Alisema wazee watahitaji mtu wa kuwafuata majumbani na kuwarudisha, na kazi hiyo haihitaji kuaminiwa sana.

Tima alirudi mwezi uliofuata. Aliniambia mapema, ili nisijidanganye, kwamba hakurudi kwa sababu yangu. Aliweka sharti, na Sista akalikubali: hakuna video itakayotoka mpaka wazee viziwi waliokusudiwa waitazame kwanza, na wasiulizwe kama wameelewa, kwa kuwa kila mtu husema ameelewa. Waambiwe wasimulie wenyewe walichoambiwa. Wa kwanza kuitwa akawa Bi Mwanakombo. Alikuja amejifunga leso mpya, akaketi kwenye kiti cha plastiki kama kadhi.

Ile ya sukari ndiyo tuliyoanza nayo. Tima aliketi, hapana akaiweka mwanzo, akaiweka na mwisho. Mimi nilishika simu, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuishika. Mikono yake ilikuwa ile ile, wallahi, na nilipoitazama kwenye kioo kidogo wivu ulikuwa pale pale kama zamani, haujapungua hata chembe. Tulipomaliza, Bi Mwanakombo akaitazama video, akaisimulia kwa vidole vyake vilivyojikunja bila kukosea: kula kwanza, dawa baadaye. Sista akapiga makofi. Tima akashusha pumzi. Walikuwa wameridhika.

Lakini Bi Mwanakombo alilijua jibu kabla ya swali; somo lile lilikuwa kwenye ngozi yake. Nami niliona kitu kwenye simu. Tima alikuwa amelipa mgongo dirisha, na mwanga wa nyuma ulimfanya uso kuwa giza. Mikono ilionekana. Kichwa kinachokataa hakikuonekana vizuri, na kwa mzee mwenye mtoto wa jicho kisingeonekana kabisa. Hakuna aliyeniuliza. Sikuwa mkaguzi tena. Ningekaa kimya, isingekuwa kosa la mtu.

Niliinua mkono. "Irudiwe," nikasema. "Uso hauonekani."

Tima aligeuka akalitazama dirisha. Kisha akasimama, akakivuta kiti hadi upande wa pili wa chumba, mwanga ukamwangukia usoni, akaketi, akaanza upya.